Usiuzime mvumo: kwa wanaoanza kujifunza ala za asili

Nyatiti ya kwanza niliyoiazima, ala ya nyuzi nane ya Waluo, niliirudisha ikiwa bubu. Nilikuwa nimekaa nayo wiki nzima chumbani kwangu Kawangware, Nairobi, na kila nilipogusa uzi, sauti ilitoka na mkwaruzo pembeni, kama nyuki aliyenaswa ndani ya kopo. Nikaona hapa kuna kitu kimelegea. Nikachunguza mpaka nikaridhika kwamba mvumo unatoka kwenye daraja, kile kipande kinachoinua nyuzi, pale matete yanaposhikizwa kwa nta. Nikakunja kitambaa, nikakisukuma chini ya nyuzi, mkwaruzo ukakoma. Nilifurahi kweli. Jumamosi nikampelekea mwalimu wangu, mzee wa Siaya aliyekuwa akifundisha vijana wachache uani kwake. Akagusa uzi mmoja tu, akanitazama.

"Nyathina, mwanangu, nani alikuambia ni mgonjwa?"

"Jaduong', mzee wangu, ilikuwa inakwaruza."

"Hiyo ndiyo sauti yake."

Akachomoa kitambaa kwa vidole viwili, akakiweka gotini mwangu, akaanza kupiga. Nyuki wote wakarudi. Ndipo nikasikia kwamba ule mvumo ndio uliokuwa ukiibeba sauti mpaka nje ya ua, ukiishikilia baada ya kidole kuondoka.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza kwa sababu karibu kila anayekuja kujifunza kwangu siku hizi hufanya kosa hilohilo kwa namna yake. Masikio yetu sisi wa Nairobi yamelelewa na kinanda cha kanisani, gitaa na spika za matatu. Tumeamini kwamba sauti nzuri ni sauti safi. Sehemu kubwa ya dunia haioni hivyo. Mbira ya Washona wa Zimbabwe, ile ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole, hufungwa makombe ya konokono au vifuniko vya soda ili ichakarike. Balafoni ya Afrika Magharibi, ya mbao za kugongwa, ina chini yake vibuyu vilivyotobolewa, na tundu huzibwa kwa utando wa mfuko wa mayai ya buibui, siku hizi hata karatasi nyembamba au plastiki. Begena ya Ethiopia, kinubi kikubwa chenye nyuzi 10, huwekewa kipande cha ngozi kati ya kila uzi na daraja, nayo hunguruma polepole kama mtu anayesali kifuani. Tambura ya India, ala ya waya yenye shingo ndefu, hutiwa uzi mwembamba wa pamba chini ya waya, na fundi huusogeza nywele kwa nywele mpaka sauti ichanue. Wajapani wana neno kabisa la mvumo huo: sawari. Ukishaujua kwenye nyatiti, utaukuta kila mahali, na muziki wa mbali utaacha kuonekana mgeni.

Kwa hiyo, somo langu la kwanza: kabla ya kurekebisha chochote, muulize mwenye ala kama ni kasoro. La pili linafanana nalo. Ondoa simu. Ile programu ya kupimia sauti itakuonyesha rangi nyekundu kwenye nyatiti iliyopangwa vizuri kabisa, na utaanza kuivuta mpaka iwe gitaa baya. Mzee wangu alipanga nyuzi zake 8 kwa koo lake. Alikuwa akiimba kidogo, anazungusha pete ya uzi kwenye mti wa juu, anaimba tena. Gameleni ya Java au Bali ndiyo mfano ninaoupenda zaidi: seti nzima ya gongo na vyuma hupangwa ipatane yenyewe kwa yenyewe, hivyo huwezi kuazima gongo la kijiji jirani ukalitia humo. Ina mipango miwili mikuu, slendro ya sauti tano na pelog ya sauti saba, na wala usiende kuitafuta kwenye vitufe vyeusi na vyeupe vya piano.

Chagua ala moja ukae nayo mwaka. Najua hamu ilivyo. Leo kora, kesho sitari, keshokutwa ngoma za isukuti. Sikiliza zote, lakini mikono iwe na kwao. Mimi nilipewa wiki tatu za kidole cha mguu peke yake. Mpigaji wa nyatiti huketi kwenye kigoda kifupi, ala imelala ubavuni mwake, na kidole gumba cha mguu huvaa pete ya chuma iitwayo oduong'o, inayogonga ukingo wa ala na kushika mwendo huku gara, yaani njuga, zikilia mguuni. Wiki tatu, bila kugusa uzi. Kidole kilichubuka, kikapona, kikachubuka tena. Nililalamika sana moyoni. Lakini siku niliporuhusiwa kupiga, vidole vya mkono vilikuta mwendo umeshajengwa, vikapanda juu yake. Anyango, yule mwanamke Mjapani aliyejulikana kwa nyatiti, hakupita njia ya mkato. Alikwenda kuishi kijijini Uluoni, akaipata ala pamoja na lugha.

Jifunze pia majina. Inaniuma mtu anapoingia na kusema "hicho kinubi cha Kiafrika". Nyatiti ni ya Waluo. Obokano ya Wagusii ni kubwa zaidi, na sauti yake ya chini unaihisi tumboni. Litungu ya Wabukusu ina nyuzi 7. Krari ya Ethiopia na Eritrea ni ya ukoo uleule, nyuzi 5 au 6. Ziweke hizo nne pamoja uone jinsi jirani wanavyofanana bila kuwa kitu kimoja.

Nairobi inakupa nafasi ambayo watu wengine huipandia ndege. Wakati wa Kwaresima tafuta Waethiopia wa Kiorthodoksi, maana huo ndio msimu wa begena. Kwenye hekalu la Wahindu Parklands kuna ngoma za tabla na hamoniamu; omba ruhusa, vua viatu, keti nyuma. Alliance Française, kituo cha utamaduni cha Wafaransa, huleta wanamuziki mara kwa mara. Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ndipo utawasikia watoto wa shule wakipiga ala ambazo baba zao walishaziacha. Nenda siku ya ala, na usiondoke baada ya kwaya.

Kuhusu kununua, nitasema machache. Nyingi zinazouzwa kwa watalii zimetengenezwa zitundikwe ukutani. Ipime hivi: kaza uzi mmoja, upige, ongea na muuzaji dakika tano, upige tena. Ukishuka, acha. Nyuzi zenyewe zisikutishe, ni nailoni ya kuvulia samaki, nayo huuzwa popote. Linalohitaji uangalizi ni ngozi iliyowambwa kwenye ala. Julai yetu ya baridi huilegeza, sauti ikawa kama imefunikwa blanketi. Iweke karibu na jiko, kando, isikaribie moto, na uigeuze. Januari usiiache ndani ya gari juani hata nusu saa. Niliona obokano ya rafiki yangu ikipasuka ngozi kutoka ukingo hadi ukingo, na tulikuwa tumeingia dukani kununua maji tu.

Na mwalimu alipwe. Wengi wa wazee hawa hawatakutajia bei. Watasema "lete tu sukari". Peleka sukari, na ndani ya bahasha weka ada unayoona ingemtosha mwalimu wa piano. Ukitaka kurekodi, omba kabla ya kutoa simu mfukoni, mwambie utaipeleka wapi, na akikataa wimbo fulani usimuulize mara ya pili. Kuna nyimbo za matanga ambazo mzee wangu hakuwahi kuzipiga uani pale mchana. Nilizisikia mara moja, matangani kwa jirani yake, saa nane usiku, na nyatiti ile niliyokuwa nimeizima ilisikika mpaka barabarani.