Dawa hii ina uhai, jamani

Barua za safari hii nyingi ni za kuvu rafiki, yaani ukungu hai unaotiwa shambani upigane na maradhi na wadudu. Moja nimeijibu mpaka ulimi umekauka, naanza nayo.

Nimetia trikoderma na dawa ya ukungu kwenye bomba moja. Mbona tungule bado zinakufa? (Bumbwini)

Umemuua mlinzi wako mwenyewe. Trikoderma ni kuvu, na dawa ya ukungu kazi yake kuua kuvu. Haimjui wako wala wa adui. Tena umechelewa. Trikoderma hutiwa kwenye udongo wa kitalu, au shimoni siku ya kupandikiza, iwahi mizizi kabla ya adui. Halafu nani kakwambia ni ukungu? Kata kipande cha shina la mche ulionyauka, kining'inize kwenye gilasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka, hao ni bakteria, usitupe pesa. Ng'oa mche na mizizi yake, uchome, na pahala hapo usirudishe tungule, bilingani wala pilipili. Kukata shina ni bure, lakini watu mbio dukani!

Nimepiga boveria, ile kuvu ya kuua wadudu, saa nne asubuhi, jioni inzi weupe wazima. Nimeibiwa? (Kinyasini)

Una haraka tu. Mbegu za kuvu humwotea mdudu ngozini, zikapenya, zikamla kwa ndani. Hesabu siku, si saa. Ila kupiga saa nne ni kuzianika: jua linaziua. Piga magharibi, na ulenge chini ya jani, ndiko waliko. Pakiti iliyokaa juani dirishani mwa duka usiinunue.

Naona wadudu waliokufa wameota unga mweupe. Ni maradhi? (Wete)

Ndiyo, ya wadudu. Waache hapo hapo, wawaambukize wenzao.

Mkarafuu wangu umekauka wote. Trikoderma itaufufua? (Mkoani)

Haifufui.

Chonga, wale mbawakawa watoboao minazi, wananimalizia shamba. Kuna kuvu wake? (Makunduchi)

Yupo, metarizimu. Lakini usihangaike kupanda mnazini. Mabuu ya chonga hulelewa kwenye magogo yaliyooza na marundo ya samadi, na humo ndimo kuvu huchanganywa, maana mna kivuli na unyevu. Buu lililokufa huota ukungu wa kijani. Sasa nami nikuulize: hayo magogo ya minazi yaliyolala kiamboni, utayaondoa lini?