Maswali Yenu: Alovera, Mafuta ya Nazi na Jua Letu

*Mwanangu wa miaka 6 ana ualbino. Jirani ananishauri niache losheni ya kukinga jua, nimpake mafuta ya nazi na ya mbegu za karoti kwa sababu ni ya asili. Niyatumie? – Mama wa Nyalenda, Kisumu*

La hasha, mama, nakusihi. Mtoto wako ana upungufu wa melanini, ile rangi inayotukinga sisi wengine, na Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Mafuta ya nazi hulainisha ngozi vizuri sana, lakini miale ya jua huyapenya. Hata vipimo vya maabara vilivyoyasifu viliyapa SPF (kipimo cha uwezo wa kukinga jua) ya 7 au 8 hivi, tena ndani ya vifaa, si juu ya ngozi ya mtoto anayecheza na kutokwa jasho. Yeye anahitaji 30 au zaidi. Na ile SPF 40 inayotajwa mitandaoni kuhusu mbegu za karoti haikutokana na kipimo cha kuaminika.

Mpake losheni kwa wingi, umrudie kila baada ya saa 2 akiwa nje. Masikio, shingo na midomo husahaulika. Kofia pana na mikono mirefu humkinga kuliko losheni peke yake, kwa hiyo zungumza na mwalimu wake amruhusu kuvaa kofia hata kwenye gwaride. Bei ikikulemea, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa losheni watu wenye ualbino waliosajiliwa. Ulizia katika ofisi yao ya kaunti. Ukiona kidonda kisichopona, mpeleke hospitali mapema. Saratani ya ngozi ikigunduliwa mapema hutibika, na hilo ndilo linalonifanya nikusisitizie hivi.

*Tunalima chai. Nasikia chai ya kijani hukinga ngozi na jua. Ni kweli? – Mkulima, Nandi Hills*

Kuna ukweli. Chai ya kijani ina polifenoli, ambazo hupunguza madhara ambayo miale huanzisha ndani ya ngozi. Ndiyo maana huchanganywa kwenye losheni. Lakini kazi yake ni ya mzima moto, si ya ukuta: miale yenyewe inazuiwa na viambato kama oksidi ya zinki. Chai uliyochemsha ukajipaka haitoshi.

*Nilijipaka ndimu usoni ing'arishe ngozi, nikashinda sokoni. Jioni kesho yake nikatoka malengelenge. – Msomaji, Kakamega*

Pole sana, dada. Ndimu ina furokumarini, kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi. Usiyapasue malengelenge, kaa kivulini, na uende kliniki kwa kuwa ni usoni. Madoa meusi yanaweza kubaki kwa miezi. Usiipake tena.

*Huku Nakuru kuna baridi na mawingu. Naendesha boda boda. Alovera ya nyumbani si inatosha? – Kijana wa Nakuru*

Baridi haipunguzi miale, kijana wangu. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale inavyozidi. Mawingu mepesi nayo huipitisha. Asubuhi paka losheni, vaa mikono mirefu. Alovera ni ya jioni: kata jani, lisimamishe utomvu wa manjano utoke wote kwa sababu huwasha, kisha paka ule ute usio na rangi ulio ndani.