Ndege haichimbi dawa Msamvu

Maswali ya safari za ndege yameingia mengi wiki hii, nusu yake yaleyale ya siku zote, haya twende.

Swali: Dar hadi Mwanza kwa ndege ni kilomita ngapi, na masaa mangapi?

Hili nishalijibu mpaka mdomo umekauka. Kama kilomita 850, lisaa na nusu kwa jeti, ukipangiwa pangaboi, ile ndege ya mapanga, ongeza dakika ishirini mpaka nusu saa. Na nyie mnaonibishia kwa ile elfu moja mia na ushee ya kwenye ramani ya simu, hiyo ni ya basi, inazunguka Dodoma, Singida, Shinyanga. Ndege haisimami stendi ya Msamvu pale Morogoro watu wakachimbe dawa.

Swali: Dar na Zanzibar je?

Kilomita 70 na kitu, dakika ishirini. Ila wewe wa Kariakoo unayeenda Forodhani hebu hesabu kuanzia mlangoni kwako, foleni ya barabara ya Nyerere, kukaguliwa, kungoja, ukishuka kule utafute tena teksi ya kukuleta mjini. Boti ya kasi kama masaa mawili inakushusha Malindi, unatembea kwa miguu. Mi ndege ya hapo sipandi labda bahari ichafuke.

Swali: Nairobi kwenda New York masaa 15, kurudi 14. Ni sababu dunia inazunguka?

Hapana! Hewa nayo inazunguka na dunia. Ingekuwa hivo si helikopta ingeinuka Nairobi ikaganda tu angani mpaka Kisumu ijilete yenyewe? Ni upepo. Huko juu kaskazini kuna upepo mkali unatoka magharibi kwenda mashariki, ukienda Marekani unakupiga usoni, ukirudi unakusukuma, na kwenye karibu kilomita 12,000 lazima utauona.

Swali: Tiketi yangu ya Dubai inasema natoka Dar 16:45 nafika 23:15. Masaa sita na nusu?

Matano na nusu. Saa za kwenye tiketi ni za kila mji wenyewe, na Dubai wametutangulia lisaa. Hapohapo niwaonye, maana hii ndo inawaliza watu: 01:15 sio saa moja na robo asubuhi, ni saa saba na robo USIKU, na kama tiketi ni ya tarehe 12 basi uwanjani unaenda tarehe 11 jioni. Binamu yangu alifika saa kumi na moja alfajiri na mabegi matatu anajiona kawahi kweli, kumbe wenzie walikuwa angani kitambo. Tiketi nyingine alikatia palepale, bei sitaji.

Swali: Arusha hadi Dar ni muda gani?

Uwanja upi, Kisongo pale Arusha mjini au KIA, ule wa Kilimanjaro? Rudi uulize vizuri.