Nunua waya mrefu kwanza, kamera baadaye

Mtu akiniuliza anunue kamera gani kabla ya safari yake ya kwanza huwa namwambia anunue waya wa chaji wa mita 2, na wengi wanadhani nawatania. Sitanii. Vyumba vingi vya wageni soketi iko nyuma ya kabati au kule mlangoni, kitanda kiko huku, waya uliokuja na simu ni mfupi, sasa simu ndo alamu, ndo ramani, ndo tiketi yako ya asubuhi halafu imelala sakafuni huko mbali na wala hujui kama inaingiza chaji. Mi nimesafiri miaka kadhaa sasa, mara nyingi peke yangu na begi moja la mgongoni, na karibu kila shida ya vifaa iliyonikuta ilikuwa ya umeme au ya kuhifadhi vitu. Kamera mbovu haijawahi kuniharibia safari hata moja. Kwa hiyo nyie mnaoanza, umeme kwanza, mbwembwe zitafuata.

Pawabenki yangu ya kwanza ilikuwa kubwa kama tofali na niliipenda kweli, ila maandishi yake yalichapwa juujuu yakafutika kwa kusuguana na funguo. Eapoti moja kwenye ukaguzi afisa kaigeuza, kaigeuza tena, kaniuliza ina uwezo gani, nikamtajia, akanambia hataki kutajiwa anataka kusoma. Ikabaki pale. Niliondoka nimenuna lakini nilipokuja kuzielewa sheria nikaona yule mtu hakuwa na kosa. Betri za lithiamu za akiba, pawabenki zikiwemo, zinapanda na wewe kwenye begi la mkononi tu, ukiiweka kwenye mzigo unaoenda chini ya ndege utaitwa uje ufungue, na kipimo wanachoangalia ni wati-saa, ile Wh, siyo zile mAh zilizoandikwa kwa wino mkubwa kwenye boksi. Kawaida hadi Wh 100 unapita bila kumuuliza mtu, kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali, kuzidi hapo haipandi. Hesabu yake chukua mAh, gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3.7 ambazo ni volti za betri yenyewe, basi ya 20,000 ni Wh 74 huna wasiwasi, ya 30,000 ni Wh 111 na hapo ushaanza kuomba ruhusa. Sababu yenyewe ni moto, betri ikiwaka pale walipo abiria wahudumu wanaiona na kuiwahi, ikiwaka chini katikati ya mabegi nani ataiona?

Na masharti yanazidi kukazwa. Korea Kusini tangu Machi 2025 huruhusiwi kuiweka pawabenki kwenye kabati la juu ya kiti, unakaa nayo mwenyewe, na China tangu mwishoni mwa Juni 2025 ndege za ndani ya nchi hazipokei ambayo haina alama yao ya usalama iitwayo 3C. Kwa hiyo soma masharti ya shirika lako kila safari hata kama mwezi uliopita ulipita na hiyohiyo. Mi siku hizi maandishi nayabandikia selotepu ya kung'aa juu yake, imeshanisaidia zaidi ya mara moja. Halafu usije ukalia kwamba umeibiwa, ya mAh 20,000 haijazi simu ya mAh 5,000 mara 4, umeme mwingine unapotea kama joto wakati unapandishwa kutoka volti 3.7 kwenda 5 na zaidi, wewe panga kwa kama theluthi mbili ya kilichoandikwa.

Kuhusu plagi, watu wanachanganya umbo na volti. Adapta inabadilisha umbo tu, kwamba miguu mitatu ya bapa minene ya Uingereza iingie kwenye matundu mawili ya duara ya sehemu kubwa ya Ulaya, basi, kazi yake imeishia hapo. Marekani umeme wao ni volti 120, Japani 100, nchi nyingi nyingine ni kati ya 220 na 240. Chaja za simu na laptopu karibu zote zimeandikwa 100-240V kwa maandishi madogo sana, hizo zinakula kokote, ila vitu vya kupasha joto kama pasi na mashine ya kunyooshea nywele vingi ni vya volti moja. Dada mmoja tuliyekuwa naye kwenye safari alichomeka mashine yake ya volti 120 kwenye 230, na kifaa cha namna hiyo ukikipa volti karibu mara 2 kinavuta nguvu karibu mara 4, ulisikika mlio mmoja tu halafu harufu, chumba kizima kikanuka plastiki iliyoungua mpaka asubuhi. Soma yale maandishi madogo. Ukiwa na vifaa vingi usinunue adapta 5, beba 1 nzuri pamoja na ekstensheni fupi ya nyumbani kwako, hakikisha tu nayo imeandikwa kuhimili volti za unakoenda. Kwenye ukumbi wenye soketi moja na watu wanne wenye simu zinazozima, mwenye ekstensheni anapata marafiki haraka kuliko mwenye gitaa.

Kingine nilichelewa sana kukijua, GPS haihitaji bando. Simu inapokea tu mawimbi ya setilaiti, ikizipata 4 inajua ulipo, kinachokula intaneti ni ile picha ya ramani. Kwa hiyo pakua ramani ya mji mzima ukiwa bado kwenye waifai, halafu jaribu kuzima data kabisa ukiwa hukohuko uone kama inafunguka, maana mi niliwahi kupakua mji wenye jina lile lile ulio nchi nyingine, nikagundua nimeshashuka kwenye basi, saa tano usiku. Bila intaneti simu inaweza kuchukua dakika kadhaa kujipata mara ya kwanza, simama uwazi uwe mvumilivu, usijikunyate chini ya paa ukaanza kuitukana.

Picha sasa. Jamaa yangu alifomati memori kadi yake tukiwa safarini, siku 9 za picha, akidhani ameshazihamisha. Kilichomwokoa ni kwamba aliacha kupiga papo hapo na kadi akaitoa, kwa sababu ukifomati kwa haraka picha zenyewe kwa kawaida zinakuwa bado zipo, kinachofutika ni ile orodha ya kuonyesha ziko wapi, zinakufa kweli ukianza kuandika vingine juu yake. Tulipofika kwenye kompyuta programu ya kurejesha mafaili ikazitoa karibu zote. Angepiga hata video moja ndefu baada ya pale sijui. Mi kila jioni nahamisha kwenye diski ndogo ya SSD, na diski hailali begi moja na kamera, mwizi akibeba kimoja kingine kibaki. Kuhifadhi kwenye klaudi, yaani mtandaoni, ni vizuri ila usikitegemee peke yake, waifai nyingi za wageni kupandisha video ya dakika 5 ni kazi ya usiku kucha.

Hedifoni za kuzuia kelele nazipenda kuliko kitu chochote ninachobeba lakini jua zinafanya nini. Zinasikiliza sauti ya nje na kutengeneza mawimbi ya kinyume, hivyo zinaua muungurumo wa injini vizuri mno, mtoto anayelia siti ya nyuma bado utamsikia. Beba na waya wake, skrini nyingi za kwenye ndege hazina bluetooth.

Baridi kali nayo inazima simu yenye asilimia 40 kama utani, iweke mfuko wa ndani karibu na mwili na usiichaji ikiwa imeganda, iache ipate joto kwanza.

Droni najua mtaniuliza. Angalia sheria ya unakoenda kabla hujaifunga kwenye begi, Moroko kwa mfano huingii nayo bila kibali, inabaki forodhani. Yangu iko kabatini, mara ya mwisho kuiwasha ilidai apdeti tatu kabla ya kuruka na zilipoisha betri nayo ikawa imeisha.