Maswali ya njia za miguu: barua yako ina muhuri?

Kifuniko cha mtaro karibu na duka langu hapa Kondele, Kisumu, kiling'olewa na wezi wa vyuma chakavu. Wauza mboga wamechomeka tawi ndani ya shimo. Msimamizi wa wadi nimemwambia mara tatu. Nifanyeje?

Dada, umemwambia, lakini hujamwandikia. Maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili, na kisicho kwenye faili hakina wa kukiulizia. Mwandikie meneja wa jiji barua ya ukurasa mmoja: jengo lililo karibu, nambari ya nguzo ya stima, upana wa shimo, tarehe kifuniko kilipopotea. Ambatisha picha mbili, moja ya karibu na nyingine inayoonyesha jengo. Chapisha nakala mbili. Ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo nyumbani. Karani akisema "acha tu hapo, ataiona", usitoke bila muhuri. Mimi nilizungushwa miezi minne kwa sababu ya kabro zilizong'oka mlangoni pa shule. Niliporudi na nakala yenye muhuri na kuiweka mezani, mafundi walifika wiki hiyo hiyo.

Na tawi hilo halionekani usiku. Wekeni tairi kuukuu lililopakwa rangi nyeupe, leo, kabla mtoto hajatumbukia.

Njia ya miguu ni ya kaunti au ya serikali kuu? (Nakuru)

Swali hili nimelijibu mara nyingi na bado watu wanapeleka barua kusikohusika. Njia ya miguu ni ya mwenye barabara. Barabara kuu inayopita Nakuru kwenda Eldoret iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za Kenya. Baadhi ya barabara kubwa za mjini ni za KURA, mamlaka ya barabara za mijini. Za mitaani ni za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, linalogawa kazi kati ya serikali kuu na kaunti. Ofisi ikikwambia "hiyo si yetu", iambie iandike hivyo na kutia sahihi. Wengi wakishaombwa sahihi, hukumbuka ghafla kwamba ni yao.

Kabro zilizowekwa kwetu Kakamega mwaka jana zimeshabonyea. Tuombe kaunti itenge pesa nyingine?

Msiombe hata shilingi kabla ya kujua kama mkandarasi bado yuko ndani ya kipindi cha dhamana. Katika kipindi hicho kasoro za kazi yake huzirekebisha kwa pesa zake mwenyewe. Kaunti ikimlipia, nyinyi mmenunua njia moja mara mbili. Kabro hubonyea kwa sababu udongo wa chini haukushindiliwa au maji hayakupewa pa kutokea, na hilo ni kosa la fundi, si la mvua. Tumieni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: ulizeni jina la mkandarasi, tarehe ya kukabidhi kazi na mwisho wa dhamana. Ofisi ina siku 21 kujibu. Ikinyamaza, pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Nikimpa fundi wa kaunti chai ili aanze kwangu?

Hiyo ni hongo, na mtoaji hushtakiwa pamoja na mpokeaji.

Naweza kumwaga zege mwenyewe mbele ya duka?

Omba ruhusa ya maandishi kwanza. Chini hapo huenda kuna mabomba ya maji na nyaya. Ukipewa, usiinue ngazi. Kila mwenye duka akijijengea kimo chake, mtu wa kiti cha magurudumu analazimika kushuka barabarani kati ya matatu na bodaboda. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kufika popote, hata mlangoni pako.

Mwakilishi wetu wa wadi anasema hakuna bajeti.

Mwulize barabara yenu imo katika mpango wa mwaka wa maendeleo au haimo. Mpango huo hufika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, makadirio ya matumizi kabla ya Aprili 30, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mkienda kulia Juni, pesa zimeshagawanywa. Na mikutano ya ushiriki wa umma mnaikwepa, kisha mnashangaa.

Mama alianguka kwenye njia iliyobomoka Kisumu, akavunjika mkono. Tunaweza kudai fidia?

Poleni sana. Mnaweza, lakini muda ni mfupi: miezi 12 tangu siku aliyoanguka, na mamlaka za barabara kama KeNHA na KURA lazima zipewe notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla ya kwenda kortini. Mwoneni wakili wiki hii. Pigeni picha shimo kabla halijazibwa, tunzeni kadi ya hospitali na risiti zote. Kisha zungukeni kwa majirani, mlango kwa mlango, mkiuliza kama yupo aliyewahi kuiandikia ofisi kuhusu shimo hilo kabla mama hajaanguka, na kama nakala yake ina muhuri.