Jiko la Ziwani: Wasomaji Wauliza, Mhariri wa Mapishi Ajibu

Barua za toleo hili zimeelemea upande wa samaki, jambo lisiloshangaza kwa safu inayoandikwa Mwanza, ingawa wapo pia waliouliza kuhusu maharage, pilipili na vyakula vya wakubwa wa dunia.

Kila ninapopika dagaa wa hapa kwetu, familia inalalamika kwamba wana mchanga na uchungu, ilhali dagaa wa Kigoma wanawala bila neno. Je, kasoro iko kwa samaki au kwa mpishi? (Mama wa watoto wanne, Igoma)

Mama, usijilaumu, kwa maana unalinganisha samaki wasio wa ukoo mmoja. Dagaa wa Ziwa Victoria ni jamaa wa ningu, wakati dagaa wa Ziwa Tanganyika wako karibu zaidi na sadini wa baharini, kwa hiyo hata wakipikwa katika sufuria moja hawawezi kuwa na ladha moja.

Mchanga nao hautoki ziwani. Unatokana na kuanika samaki chini ufukweni, na ndiyo sababu dagaa walioanikwa kwenye chanja huuzwa kwa bei ya juu kidogo, bei ambayo kwa maoni yangu ni halali kabisa. Unapofika Mwaloni Kirumba, chagua wale wanaong'aa kama fedha na wakavu hadi kuvunjika. Waliogeuka rangi kuwa ya kahawia au wenye harufu ya ukungu waache hapo hapo, hata muuzaji akikupunguzia. Kumbuka pia kwamba dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hizo huwavuta vizuri zaidi mwezi usipokuwepo, hivyo siku za giza ndizo zenye samaki wengi na bei nafuu.

Ukifika nyumbani, wakaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wakauke zaidi, kisha wasugue kwa viganja ndani ya ungo na kuwapepeta, ili vichwa na sehemu kubwa ya mchanga viondoke. Uchungu unaoulalamikia hutoka kwenye nyongo na utumbo, na kichwa kinapokatika mara nyingi huvuta sehemu ya utumbo pamoja nacho. Baada ya hapo watie kwenye maji ya uvuguvugu, wakoroge, waache watulie kidogo, halafu waopoe kwa mikono. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: humimina samaki na maji pamoja kwenye chujio, na mchanga uliokuwa umetulia chini unawarudia samaki. Rudia mpaka chini ya bakuli pawe safi, lakini usiwaloweke kwa muda mrefu, kwa sababu watalegea na kuvunjika. Wakaange kwa mafuta kidogo hadi wakauke ndipo uongeze kitunguu, nyanya na limau. Watoto wanaowala wazima pamoja na mifupa yao hupata madini ya kalsiamu ambayo minofu ya sangara haiwezi kuwapa kwa kiasi hicho.

Sato niliyenunua alikuwa mbichi kabisa, lakini alinuka tope hata baada ya kukaangwa. Nifanyeje? Na je, ni kweli kwamba sato na sangara si wenyeji wa ziwa letu, kama anavyodai jirani yangu? (Msomaji wa Nyegezi)

Jirani yako yuko sahihi. Samaki hao wawili walipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na sangara alipoongezeka katika miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilitoweka. Ngege, ambaye wazee wa visiwani bado wanamtaja kwa hamu, ndiye mwenyeji halisi, na siku hizi ni nadra kumwona mezani.

Harufu ya tope haimaanishi kwamba samaki ameoza. Inasababishwa na kemikali iitwayo jeosmini, inayotengenezwa na vijidudu vya kwenye maji na matope, ambayo huingia katika nyama na mafuta ya samaki. Ndiyo hiyo hiyo inayotoa harufu ya ardhi mvua inapoanza kunyesha. Jeosmini huvunjika ikikutana na tindikali, kwa hiyo limau tunalokamua juu ya samaki lina kazi kubwa kuliko kupendezesha sahani. Ondoa mashavu yote na ule utando mweusi wa ndani ya tumbo, mchanje samaki pande zote mbili, mpake limau na chumvi, kisha mwache kwa robo saa au zaidi kidogo. Kabla ya kumkaanga mfute maji kwa kitambaa safi. Samaki mwenye maji hurusha mafuta na kunata kwenye kikaango.

Shikamoo mhariri. Tunaomba utuambie vyakula vilivyopendwa na watu mashuhuri duniani. (Wanafunzi, Bukoba)

Marahaba, wanangu. Nelson Mandela alikula karamu za wafalme na marais, lakini chakula alichokipenda kilikuwa umphokoqo, yaani ugali mkavu wa chengachenga unaoliwa na maziwa mgando, chakula ambacho Msukuma yeyote angekaribishwa nacho asingeuliza ni nini. Mpishi wake wa miaka mingi, Xoliswa Ndoyiya, alimpikia vyakula vya Kixhosa vya aina hiyo.

Mwimbaji Elvis Presley anakumbukwa kwa mkate uliokaangwa ukiwa na siagi ya karanga na ndizi mbivu ndani yake. Rais Ronald Reagan wa Marekani alipenda peremende laini zenye umbo la haragwe, alizoanza kuzitafuna alipokuwa akiacha kuvuta kiko. Aliyemfuata, George H. W. Bush, ni maarufu kwa chakula alichokichukia: mwaka 1990 alitangaza kwamba akiwa rais hatakula tena brokoli, ambayo mama yake alimlazimisha kula utotoni, na wakulima waliochukizwa wakampelekea shehena nzima ya mboga hiyo. Kwa upande wa Usain Bolt, aliyeshinda mita 100 kwa sekunde 9.69 huko Beijing mwaka 2008, baba yake alivisifu viazi vikuu vya kwao Trelawny, Jamaika, ingawa mwenyewe ameeleza kwamba katika mashindano hayo alikula zaidi vipande vya kuku wa kukaanga. Msiwaonyeshe wazazi wenu aya hii mkitaka kuomba chipsi.

Je, chumvi huyafanya maharage yawe magumu? (Baba mpishi, Nyamanoro)

Hapana. Kinachochelewesha kulainika ni vitu vyenye uchachu, kama vile nyanya na limau, kwa hiyo vitie baada ya maharage kuiva. Magadi huharakisha kazi lakini huharibu vitamini B1. Jambo moja ambalo halina mjadala ni kwamba maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu kwa muda usiopungua dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yakiwa mabichi yana sumu inayosababisha kutapika na kuharisha.

Mtoto wangu alitafuna pilipili, nikampa maji, akazidi kulia. Kwa nini? (Dada wa Musoma)

Kwa sababu kiini cha ukali huo, kapsaisini, hakiyeyuki kwenye maji bali kwenye mafuta. Maji yanakisambaza tu mdomoni. Mpe maziwa au mtindi. Wewe pia unapokata pilipili, toa ule utando mweupe wa ndani, kwani ndiko ukali ulikojaa kuliko kwenye mbegu, na ukimaliza paka mikono mafuta ya kupikia kwanza ndipo uoshe kwa sabuni, hasa kama utambeba mtoto.