Ada ya Chama Itumike Wapi? Majibu kwa Maswali ya Wanachama

Barua nyingi nilizopokea tangu sherehe za Mei Mosi zinazungumzia jambo moja, nalo ni fedha inayokatwa kwenye mshahara kila mwezi kwa jina la chama cha wafanyakazi. Nimechagua sita kati ya barua hizo. Niseme mapema kwamba niliwahi kuwa mweka hazina wa tawi kwa miaka minne, kwa hiyo baadhi ya lawama ninazozitoa hapa zinanihusu mwenyewe.

Ninakatwa asilimia 2 ya mshahara kila mwezi, na kitu pekee ninachokiona ni fulana na kofia ya Mei Mosi. Fedha hii ilipaswa kufanya nini? (Mfanyakazi wa kiwanda, Morogoro)

Tuanze na hesabu. Mwenye mshahara wa shilingi 600,000 anayekatwa asilimia 2 hutoa 12,000 kwa mwezi, sawa na 144,000 kwa mwaka. Tawi lenye wanachama 80 wa kiwango hicho huchangia shilingi 11,520,000 kwa mwaka. Fulana moja kwa kila mwanachama, hata ingeshonwa kwa kitambaa cha bei mbaya, haiwezi kumaliza fedha hiyo, na ndiyo maana naona kwamba ugomvi wa fulana unatupotezea shabaha. Ada huliwa kimyakimya na vikao: posho za kujikimu, mafuta ya gari, kukodi ukumbi, na semina ya siku tatu mjini ambayo maazimio yake hayafiki hata kwenye ubao wa matangazo wa kiwanda.

Kipimo ninachokitumia ni hiki: ada ilipie kwanza kile ambacho mfanyakazi mmoja hawezi kukinunua peke yake. Kinachotangulia ni majadiliano ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akipe chama kinachotambuliwa taarifa zinazohitajika ili majadiliano yafanyike kwa ufanisi, lakini taarifa hizo hazina faida kama chama hakina mtu wa kuzisoma. Mwajiri huingia chumbani akiwa na mhasibu upande mmoja na wakili upande wa pili. Sisi huingia na barua ya madai iliyonakiliwa kutoka mwaka juzi, ikiwa imebadilishwa tarehe. Kumlipa mhasibu wiki mbili aichambue hesabu ya kampuni, kisha aonyeshe nyongeza ya mshahara inayowezekana bila kampuni kuyumba, ni matumizi ambayo mwanachama huyaona kwenye mshahara wake mwenyewe.

Baada ya hapo yanakuja mafunzo ya wawakilishi wa mahali pa kazi. Sheria hiyo inaruhusu wawakilishi 15 pale penye wanachama zaidi ya 100. Hao ndio wanaoitwa mfanyakazi anapopewa barua ya kujieleza saa nne asubuhi na kutakiwa ajibu kabla ya saa kumi jioni. Kama hawajui utaratibu wa nidhamu, hakuna ofisi ya makao makuu itakayowahi kufika.

Mimi si mwanachama na sikuwahi kujaza fomu yoyote, lakini ninakatwa. Je, si wizi? (Mhudumu wa hoteli, Arusha)

Huenda si wizi. Makato ya ada ya uanachama yanahitaji idhini yako kwenye fomu maalumu, lakini kuna makato mengine yanayoitwa ada ya uwakala. Chama chenye wanachama wengi kuliko nusu ya wafanyakazi wa kundi husika, na kinachotambuliwa kuwa mjadiliani wao, kinaweza kufunga mkataba na mwajiri ili hata wasio wanachama wachangie, kwa kuwa nao hunufaika na nyongeza iliyopatikana mezani. Huwezi kulazimishwa kujiunga, na ada hiyo haiwezi kuzidi ile ya mwanachama.

Jambo ambalo wengi hawalijui, wakiwemo viongozi kadhaa niliowahi kukaa nao, ni kwamba fedha ya uwakala inatakiwa kuwekwa kwenye akaunti ya peke yake, na itumike tu kuendeleza au kutetea maslahi ya kiuchumi na kijamii ya wafanyakazi wa mahali hapo pa kazi. Fedha yako ya Arusha haikukusudiwa kulipia mkutano mkuu wa Dodoma. Omba kuuona mkataba huo wa uwakala, kisha uliza jina na namba ya akaunti. Ukikuta akaunti haipo, hapo una hoja.

Kwa nini chama chetu hakina mfuko wa mgomo kama vyama vya Ulaya na Marekani? (Muuguzi wa hospitali binafsi, Tanga)

Ni kweli kwamba wenzetu wanazo akiba hizo. Wafanyakazi wa magari wa Marekani walipogoma mwaka 2023, chama chao, UAW, kiliwalipa waliokuwa nje dola 500 kwa wiki. Mfuko wa namna hiyo una maana kwa sababu mwajiri halazimiki kumlipa mtu kwa siku ambazo hakufanya kazi, na mgomo wa watu wenye njaa huvunjika wenyewe.

Hata hivyo, dada yangu, wewe uko kwenye afya. Hapa Tanzania huduma za afya ni miongoni mwa huduma muhimu, pamoja na maji na umeme, ambamo mgomo umezuiwa isipokuwa pale ambapo kuna makubaliano ya pamoja kuhusu kiwango cha chini cha huduma kitakachoendelea kutolewa. Mgogoro wenu hupelekwa kwenye usuluhishi, na ukishindikana huenda kwenye uamuzi. Kwa muuguzi, basi, akiba inayofaa ni ya kulipia mashauri: wakili, takwimu za mishahara ya hospitali nyingine, nauli za mashahidi. Mfuko wa mgomo ningeutaka zaidi kwa wenzetu wa viwandani na mashambani, na hata huko ungehitaji akaunti isiyoguswa kwa jambo lingine lolote.

Tawi letu hutumia sehemu kubwa ya mgawo wake wa ada kwa rambirambi na kuwachangia wagonjwa. Ofisi ya chama ya mkoa inatukemea. Tunakosea? (Katibu wa tawi, Mwanza)

Sitakukemea, kwa sababu mimi nilifanya zaidi ya hapo. Nikiwa mweka hazina tulinunua viti vya plastiki na masufuria mawili makubwa ya kupikia msibani, na nilijivuna nayo. Mwanachama aliyefiwa alikuwa akikiona chama chake kwa macho, kikiwa kimewekwa uani kwake.

Mwaka huohuo wenzetu watatu waliachishwa kazi. Mgogoro wa kuachishwa hutakiwa kufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, chombo kinachoshughulikia migogoro ya kazi, ndani ya siku 30. Ofisi ya Tume ilikuwa mjini, mwendo wa saa tano kwa basi, na kwenye kisanduku cha tawi zilikuwepo shilingi 7,000. Tuliandika barua kuomba fedha ngazi ya juu, tukasubiri, tukakumbushia. Fomu ilifika Tume siku ya 34. Kabla hata ya kusikilizwa, wale watatu walilazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza sababu ya kuchelewa, na sababu yenyewe ilikuwa ni mimi.

Ushauri wangu ni kutenganisha. Misiba na ugonjwa ni mambo ya watu, nayo hayaachwi, lakini yapewe mfuko wake wa kuchangiana kwa hiari, wenye daftari lake na kiwango kinachofahamika. Mgawo wa ada ubaki na fungu la utetezi ambalo halishuki chini ya nauli na malazi ya watu wawili kwenda Tume na kurudi. Mkoa nao uulizwe mgawo wenu unachelewa kwa nini, maana wanaokemea mara nyingi ndio wanaochelewesha.

Je, chama kiwekeze ada kwenye majengo na hisa? (Mwalimu, Kahama)

Kinaweza, na wengine wamefanya hivyo: Chama cha Walimu Tanzania ni miongoni mwa wanahisa wa Benki ya Biashara ya Mwalimu, ambayo hisa zake ziliorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2015. Swali langu huwa ni gawio linarudi wapi. Jengo linaloingiza kodi ya pango inayopunguza ada, au inayolipia mawakili, ni mali ya wanachama. Jengo ambalo mapato yake hayatajwi kwenye mkutano wowote ni mali ya mwenye funguo.

Nitazionaje hesabu za chama bila kuonekana mkorofi? (Fundi umeme, Dodoma)

Unaomba haki iliyoandikwa. Mwaka wa fedha wa chama huishia Desemba 31. Hesabu zinatakiwa kukaguliwa na mkaguzi aliyesajiliwa, na ifikapo Machi 31 mwaka unaofuata ziwe zimewasilishwa kwa mkutano wa wanachama au wawakilishi wao, na kwa Msajili pia. Zaidi ya hayo, hesabu na taarifa ya mkaguzi zinatakiwa kuwepo ofisini ili mwanachama azikague. Nenda na mwenzako mmoja, mchukue karatasi na kalamu, na msiombe kuelezwa; ombeni kusoma. Tafuteni mistari mitatu: vikao na safari, mishahara ya watumishi wa chama, na utetezi wa wanachama. Linganisheni wa kwanza na wa tatu.

Ukiona hakuna kinachobadilika, unaweza kuondoa idhini ya makato kwa notisi ya maandishi ya mwezi mmoja kwa mwajiri na kwa chama. Mimi ningeitunza barua hiyo hadi uchaguzi wa tawi upite, kwa sababu aliyejitoa hapigi kura.